Somo la 12: Kutoka Nyumbani hadi Utawani – Jinsi Mwanamke Anavyozoea Maisha ya Ndani

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mwanafunzi uweze:
(a) kueleza maana ya utawa na aina zake kuu mbili;
(b) kueleza jinsi utawa wa wanawake ulivyofika kusini mwa Tanzania;
(c) kutaja hatua za malezi ya mtawa na sababu ya kila hatua;
(d) kujadili changamoto anazopata mwanamke anayeacha maisha ya kawaida na kuingia utawani;
(e) kutoa hoja za pande mbili bila kudharau imani wala desturi ya mtu.

1. Utangulizi

Siku moja nilikuwa nikifundisha mada ya maadili na uamuzi wa maisha kwa Kidato cha Tatu. Niliuliza: "Mtu akiacha kazi, nguo nzuri, simu na mipango ya ndoa akaenda kuwa sista, ameshinda au ameshindwa?" Wavulana wengi walijibu haraka kwamba ameshindwa, amekimbia maisha. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyanyua mkono. Hakujibu swali langu, aliuliza lake: "Mwalimu, na mjomba akikataa je?"

Darasa lilicheka, lakini swali lake lilikuwa zito kuliko langu. Kwa binti wa Kiegei, Nachingwea au Ruangwa, kuingia utawani si jambo lake peke yake. Kuna ukoo unaohesabu hasara. Somo hili linajibu swali la msichana yule. Hoja kuu utakayoibeba hadi mwisho ni hii: kuacha dunia hakutokei siku moja, na ndiyo maana malezi ya utawa ni marefu na mlango wa kutoka huachwa wazi kwa miaka mingi.

2. Istilahi muhimu

- Utawa: maisha ya mtu aliyejitoa kwa Mungu kwa nadhiri, akiishi katika jumuiya yenye kanuni.
- Nadhiri: ahadi rasmi kwa Mungu. Zinazojulikana zaidi ni tatu: ufukara, useja na utii. Wabenediktini huahidi utii, kudumu katika jumuiya moja na kubadili mwenendo wa maisha. Ufukara na useja vimo ndani ya ahadi hiyo ya tatu.
- Watawa wa utume: masista wanaotoka kwenda kufundisha, kuuguza na kuhudumia watu. Masista wengi unaowaona hospitalini na shuleni ni wa kundi hili.
- Watawa wa ndani (watawa wa taamuli): wanaoishi ndani ya monasteri bila kutoka ila kwa sababu maalumu. Kazi yao kubwa ni sala. Sehemu wanamoishi imefungwa kwa wageni.
- Unovisi: kipindi cha majaribio na mafunzo kabla ya nadhiri za kwanza. Anayepita kipindi hiki huitwa mnovisi.

*Zingatia:* Watahiniwa wengi huandika kwamba masista wote hawatoki nje. Si kweli. Hata hivyo, sista wa utume naye ana sehemu ya nyumba yao ambayo mgeni haingii, ana saa za kimya, na hatoki bila ruhusa. Kwa hiyo kila mtawa ana "ndani" yake.

3. Utawa wa wanawake ulivyofika kusini

Masista Wabenediktini Wamisionari, ambao makao yao makuu yalikuja kuwa Tutzing, Ujerumani, walifika Dar es Salaam mwaka 1888. Januari 1889 misheni yao ya Pugu ilishambuliwa wakati wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, na baadhi ya wamisionari wakauawa. Kazi iliendelea kuelekea kusini, na misheni za Lukuledi na Nyangao zilianzishwa miaka ya 1890. Wakati wa Vita vya Majimaji mwaka 1905, misheni ya Nyangao ilishambuliwa na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Mwaka 1906 ikaanzishwa misheni ya Ndanda, ambayo baadaye ilikuwa abasia na kitovu cha hospitali na shule.

Masista hao wa kwanza walikuwa wageni. Swali gumu lilikuja baadaye: je, binti Mwafrika anaweza kuwa mtawa? Nchini Uganda jibu lilitolewa mapema. Shirika la Bannabikira lilianza mwaka 1910 chini ya Askofu Henri Streicher. Kwetu kusini, watawa wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, mkoani Ruvuma, walianza mwaka 1938.

Kwa upande wa Waanglikana, mwaka 1946 kilianzishwa Chama cha Mariamu Mtakatifu, chenye nyumba yake Kilimani, Masasi. Mabinti wake wa kwanza walilelewa na masista Waingereza wa jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1911 na Askofu Frank Weston wa Zanzibar. Masista hao Waingereza walipoondoka Tanzania mwaka 1991, chama cha Watanzania kilibaki kikijiendesha.

Eneo letu lenyewe lina alama yake katika historia hii. Mwaka 1963 liliundwa Jimbo Katoliki la Nachingwea, ambalo mwaka 1986 lilibadilishwa jina na kuwa Jimbo la Lindi.

4. Anachoacha binti wa kusini

Ukiuliza watu mtawa anaacha nini, watakutajia starehe: muziki, mapambo, nguo za mtindo, pesa ya mfukoni. Hayo ni kweli, lakini ndiyo mepesi. Kwa jamii ya Wamwera kuna mambo matatu mazito zaidi.

*(i) Watoto wa ukoo.* Kwa desturi ya Wamwera, kama ilivyo kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo ulihesabiwa upande wa mama. Mtoto wa kiume huzalia ukoo wa mke wake, bali binti huzalia ukoo wake mwenyewe. Kwa hiyo binti akichagua useja, mjomba hapotezi mahari tu. Anapoteza tawi zima la ukoo. Hapo ndipo utaelewa kwa nini katika nyumba nyingi anayekataa kwa sauti kubwa ni mjomba, si baba.

*(ii) Hadhi ya utu uzima.* Binti aliyetoka unyagoni alitarajiwa kuolewa, kupika katika jiko lake na kuitwa mama fulani. Utawani hakuna mama fulani. Kuna "Sista", jina analopewa mwenye miaka 23 na mwenye miaka 80.

*(iii) Kusaidia nyumbani.* Msimu wa korosho mikono inahitajika. Mtoto aliyesoma hutarajiwa kutuma chochote kwa wazazi. Mtawa mwenye nadhiri ya ufukara hana mshahara wake binafsi. Hata akiwa muuguzi au mwalimu, anachopata ni cha jumuiya.

Ndiyo sababu tunasema gharama ya utawa hailipwi na binti peke yake. Ndugu nao wanalipa, na mara nyingi hawakuulizwa.

5. Hatua za malezi na sababu zake

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliandikwa Italia katika karne ya 6, na hadi leo ndiyo mwongozo wa Wabenediktini wote, wakiwamo wa Ndanda na Chipole. Sura yake ya 58 inaeleza namna ya kumpokea mgeni anayetaka kuingia. Inaagiza kwamba asifunguliwe mlango kirahisi. Abishe hodi siku nne au tano kwanza, ionekane kama ana uvumilivu. Akishaingia, asomewe kanuni nzima baada ya miezi miwili, asomewe tena baada ya miezi sita, kisha tena baada ya miezi minne. Kila mara huambiwa kwamba akiweza kuishika aingie, na asipoweza yuko huru kuondoka.

Sura hiyohiyo ina agizo dogo ambalo wanafunzi hulipita bila kuliona. Mtu akivalishwa nguo za kitawa, zile alizokuja nazo hazitupwi. Zinawekwa kwenye chumba cha nguo na kutunzwa, ili siku akiamua kuondoka arudishiwe. Fikiria maana yake. Waliotunga taratibu hizi walijua kwamba moyo wa mtu hubadilika polepole, na kwamba wengine watarudi.

Leo katika Kanisa Katoliki hatua ni hizi:

1. Utakaji na upostulanti. Binti anaishi karibu na jumuiya, anaijua nayo inamjua. Bado anavaa nguo za kawaida.
2. Unovisi. Hudumu angalau miezi 12 na kwa kawaida hauzidi miaka miwili. Mnovisi lazima awe ametimiza miaka 17. Anaweza kuondoka wakati wowote, na jumuiya nayo inaweza kumrudisha nyumbani.
3. Nadhiri za muda. Hudumu miaka mitatu hadi sita, na inaweza kuongezwa hadi tisa. Zikiisha, mtawa hurudia au huondoka kwa amani.
4. Nadhiri za daima. Hazipokelewi kabla ya miaka 21.

Kwa watawa wa ndani muda ni mrefu zaidi. Kufuatana na mwongozo uliotolewa na Vatikani mwaka 2018, malezi yao yote huchukua miaka 9 hadi 12. Linganisha: daktari husoma miaka mitano chuoni, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi.

6. Ugumu wa kila siku

*Kengele.* Kabla jua halijachomoza kengele inalia, na mtawa anaacha kitanda. Saa ya sala ikifika anaacha jembe au sindano hata kama kazi imebaki kidogo. Mwanamke aliyezoea kupanga siku yake mwenyewe hapa ndipo anapochoka kwanza. Mwili huzoea kuamka alfajiri kabla nafsi haijazoea kuamriwa.

*Kimya.* Kwetu mtu asiyesalimia wala kuzungumza huonekana ana kinyongo. Utawani kimya cha usiku, baada ya sala ya mwisho, ni adabu. Mgeni wa maisha haya hudhani amenuniwa, mpaka atakapojifunza kwamba mwenzake anasali.

*Kutokuwa na "changu".* Sura ya 33 ya Kanuni inakataza mtawa kumiliki kitu, hata kitabu au kalamu. Kwa aliyewahi kupokea mshahara, kuomba sabuni kwa sista mwingine ni somo gumu kuliko kufunga chakula.

*Wenzake.* Hakuwachagua. Mmoja anakoroma, mwingine ana maneno, wa tatu anatoka kabila asilolijua. Nao watakuwa ndugu zake hadi kaburini.

*Habari za nyumbani.* Bibi anaugua, mdogo wake anaolewa, shamba limeingiwa na ugonjwa wa mikorosho. Anayesikia hayo akiwa mbali hujiuliza kama alikosea.

7. Mfano wa kihistoria: Teresa wa Ávila

Ukihitaji mfano mmoja wenye jina na tarehe, tumia huu. Teresa alizaliwa Ávila, Hispania, tarehe 28 Machi 1515, katika familia yenye uwezo. Alipokuwa kijana alipenda hadithi za mashujaa, manukato na mapambo, na alifurahia kusifiwa. Mama yake alifariki Teresa akiwa bado msichana mdogo. Mwaka 1531 baba yake alimpeleka kulelewa katika nyumba ya masista ili atulie.

Mwaka 1535 aliamua kuwa mtawa wa Karmeli. Baba yake alikataa, akasema labda yeye akishakufa. Teresa aliondoka nyumbani asubuhi na mapema. Baadaye aliandika kwamba maumivu ya kuagana na nyumba ya baba yake yalikuwa kama mifupa kuachana. Tena alikiri kwamba alisukumwa zaidi na hofu ya moto wa milele kuliko upendo.

Je, alipovaa nguo za kitawa dunia ilimtoka? Hapana. Monasteri alimoingia ilikuwa na watawa zaidi ya 100. Wenye uwezo walikuwa na vyumba vyao vizuri, na wageni walikuja sebuleni kupiga soga. Teresa, mcheshi na mzungumzaji hodari, alipendwa na wageni hao. Kwa karibu miaka 20 alivutwa huku na huku, akiwa sebuleni anaikumbuka sala, na akiwa katika sala anaikumbuka sebule. Badiliko kubwa lilimjia alipokuwa karibu na miaka 40.

Tarehe 24 Agosti 1562 alianzisha nyumba ndogo ya Mtakatifu Yosefu, yenye watawa wachache, ufukara wa kweli na ndani iliyofungwa kabisa. Huo ukawa mwanzo wa Wakarmeli Peku. Hakuacha ucheshi wake, alihamisha tu matumizi yake: aliandika vitabu, aliongoza watu na alianzisha monasteri nyingine nyingi. Alifariki mwaka 1582, na mwaka 1970 akawa mwanamke wa kwanza kutangazwa mwalimu wa Kanisa Katoliki.

*Funzo:* Ukuta wa monasteri ulimzunguka Teresa miaka mingi kabla moyo wake haujatulia ndani yake.

8. Unyago na unovisi

Mwanafunzi wa kusini ana nafasi ya kutoa ulinganisho ambao wengine hawana.

| Kipengele | Unyago | Unovisi |
|---|---|---|
| Kutengwa | Mwali huwekwa ndani | Mnovisi hutengwa na shughuli za nje |
| Mlezi | Kungwi | Sista mlezi wa wanovisi |
| Alama ya badiliko | Nguo mpya, mara nyingi jina jipya | Vazi la kitawa, mara nyingi jina jipya |
| Lengo | Kumrudisha binti kwenye jamii tayari kwa ndoa | Kumwandaa kwa useja na jumuiya mpya |
| Hiari | Desturi ya jamii | Uamuzi wa mtu mwenyewe |

Tofauti kubwa ni ya mwisho. Unyago unaisha kwa ngoma, mwali anatolewa nje. Unovisi unaisha kwa binti kusema mwenyewe, mbele ya watu, kwamba anaendelea.

9. Swali la mfano na jibu lake

*Swali: "Kuingia utawani ni kuikimbia dunia." Jadili kwa hoja zisizopungua nne.*

Jibu. Utawa ni maisha ya nadhiri katika jumuiya yenye kanuni. Wapo wanaouona kuwa ni kukwepa majukumu, na wapo wanaouona kuwa ni wito.

Kwanza, ni kweli kwamba baadhi huingia wakiwa na sababu dhaifu. Teresa wa Ávila mwenyewe alikiri kwamba alisukumwa na hofu. Wengine huweza kuingia ili kukwepa ndoa wasiyoitaka au umaskini.

Pili, ni kweli kwamba familia hubeba hasara. Katika jamii inayohesabu ukoo upande wa mama, binti mseja huacha pengo lisilozibwa na kaka zake.

Tatu, pamoja na hayo, anayekimbia hatafuti mahali pagumu zaidi. Utawani kuna kazi, utii na kuishi na watu usiowachagua. Mkimbizi wa namna hiyo hagusi mwaka wa pili.

Nne, hatua za malezi huchuja sababu dhaifu. Unovisi na nadhiri za muda humpa binti miaka ya kujipima, na anayeondoka hajavunja ahadi yoyote.

Tano, watawa wengi wa utume hurudi kwa watu kwa njia nyingine. Katika hospitali kama za Ndanda na Nyangao, wanawake wasio na watoto wamepokea watoto wa maelfu ya wenzao.

Kwa kuhitimisha, mtu anaweza kuingia utawani akikimbia, lakini hawezi kubaki kwa sababu hiyo. Anayebaki ameamua tena na tena.

*Maelezo ya mwalimu:* Tazama kwamba jibu limekubali upande wa pili kwa hoja mbili za kweli kabla ya kuupinga. Mtahini hutafuta uwezo huo.

10. Makosa ya kuepuka

1. Kuchanganya nadhiri za muda na za daima.
2. Kuandika kwamba mnovisi haruhusiwi kuondoka.
3. Kumsema vibaya mjomba au wazazi kama maadui. Wana hoja, ieleze.
4. Kumsifu mtawa kama malaika. Ugumu ukiuficha, jibu linapoteza uzito.
5. Kutoa mifano bila mahali wala mwaka.

11. Maswali ya kujipima

1. Tofautisha watawa wa utume na watawa wa ndani kwa hoja tatu.
2. Kwa nini Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inaagiza nguo za mgeni zitunzwe? Linganisha na muda wa malezi wa siku hizi.
3. Eleza mchango wa Chipole (1938) na Masasi (1946) katika kujibu swali la kama binti Mwafrika anaweza kuwa mtawa.
4. "Gharama ya utawa hailipwi na binti peke yake." Thibitisha kwa mifano kutoka jamii yako.
5. Binti wa Kiegei amemaliza Kidato cha Nne na anataka kwenda utawani. Mjomba amekataa. Andika mazungumzo yao ya ukurasa mmoja. Kila mmoja awe na hoja mbili nzito, na asiwepo anayemvunjia mwenzake heshima.

Nikirudi kwa msichana yule wa Kidato cha Tatu: nilimjibu kwamba mjomba akikataa asikilizwe mpaka mwisho, kwa sababu anaona hasara iliyo halisi. Nikaongeza kwamba miaka ya malezi inamtosha naye mjomba, si binti tu. Aliandika jibu hilo kwenye daftari lake, akachora mstari chini yake, akauliza tena: "Na zile nguo, mwalimu, wanazitunza mpaka lini?"

Swali la sita ni lake. Mpe jibu.